Usimwambie mgeni wa tovuti yako abadilishe kivinjari

"Tafadhali tumia Chrome." Maneno hayo ukiyakuta juu ya fomu, kwa kawaida aliyeitengeneza aliijaribu kwenye kivinjari kimoja tu, kisha akamtwisha mtumiaji kazi iliyobaki.

Mwenye iPhone akitii agizo hilo hapati kitu. Nje ya nchi chache, kama zile za Umoja wa Ulaya, Apple inataka kila kivinjari cha App Store kitumie injini yake ya WebKit, yaani sehemu ya ndani inayosoma na kuchora kurasa. Basi mtu wa Mombasa akipakua Chrome kwenye iPhone anapata nembo mpya juu ya injini ileile ya Safari, kivinjari cha Apple. Fomu iliyogoma inagoma tena, na bando limekwenda.

Kwenye Windows 7 mambo ni magumu vilevile. Toleo la mwisho la Chrome kwa mfumo huo ni la 109, la mwaka 2023. Kumwambia mwenye kompyuta hiyo "sasisha Chrome yako" ni kumtuma dukani kununua bidhaa isiyotengenezwa tena.

Kosa kubwa zaidi ni kukisia kivinjari kwa kusoma jina kinalojitambulisha nalo kwa seva. Majina hayo hudanganya, na yana sababu. Chrome hujiita "Mozilla/5.0" na kutaja Safari humohumo, Edge hutaja Chrome na Safari kabla ya kujitaja yenyewe. Vyote vilijifunza kufanya hivyo ili visifungiwe mlango na tovuti zilizokuwa zikichagua wageni. Opera ilipofika toleo la 10 mwaka 2009, kulikuwa na tovuti zilizosoma tarakimu ya kwanza tu, zikaona "1" na kuikataa kuwa imepitwa na wakati. Opera ikalazimika kuendelea kujiandika 9.80. Na tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019, Safari ya iPad kwa kawaida hujitambulisha kama ya Mac, hivyo ukisubiri neno "iPad" huenda usilione.

Uliza uwezo, usiulize jina. Kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, tumia @supports, sharti linalouliza kama kivinjari kinaujua mtindo fulani: andika kwanza mpangilio wa kawaida, kisha ule wa kisasa ndani ya sharti. Kwenye JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa vitendo, kagua kitu chenyewe kama kipo, mfano 'usb' in navigator, kabla ya kuonyesha kitufe chake. Sehemu ya kuchagua mwezi, type="month", kwenye Firefox ya kompyuta hugeuka kisanduku cha maandishi cha kawaida. Hilo halihitaji onyo lolote: weka mfano "2025-03" kando yake, na hakiki muundo huo kwenye seva.

Opera Mini inastahili jaribio lake, maana huku kwetu watu huipenda kwa kubana matumizi ya data. Ikiwa kwenye hali ya kubana kabisa, ukurasa huandaliwa kwenye seva za Opera, na JavaScript huendeshwa hukohuko kwa muda mfupi. Orodha ya wilaya inayojijaza pale tu mtu anapochagua mkoa inaweza kukwama. Weka kitufe cha "Endelea" kinachotuma mkoa kwa seva na kurudisha ukurasa wenye wilaya. Haipendezi sana, lakini inafika.

Kuna pahali kutaja kivinjari ni haki. WebUSB, inayoruhusu tovuti kuzungumza na kifaa kilichochomekwa kwenye kompyuta, ipo Chrome na Edge, haipo Firefox wala Safari. Hapo sema wazi, kando ya kitufe chenyewe: "Kuunganisha kifaa kwa USB kunahitaji Chrome au Edge kwenye kompyuta. Huduma nyingine zote zinafanya kazi hapa." Usiufunge ukurasa mzima kwa sababu ya kitufe kimoja.

Pia kuna kiungo kinachofunguliwa ndani ya Facebook au Instagram. Google hukataa mtu kuingia kwa akaunti yake kupitia dirisha la namna hiyo, na mtumiaji hudhani tovuti yako ndiyo mbovu. Mwandikie hivi: "Gusa vidoti vitatu juu, kisha chagua kufungua kwenye kivinjari." Kivinjari kipi, simu yake inajua. Na anwani ya ukurasa iweke palepale chini ya maelezo, ili asiyeviona vidoti aweze kuinakili.