Fort Jesus na jua la Februari

Dada, kama unampeleka mama Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Mombasa, Februari hii na unahofia joto, fikeni mapema, saa mbili asubuhi. Ule ua wa katikati hauna kivuli cha maana, na kuta za matumbawe walizoanza kujenga Wareno mwaka 1593 zikishapata moto, ifikapo saa sita utajiona uko ndani ya tanuri. Anzeni juu kwenye mizinga, jua likiwa bado changa. Makumbusho na Nyumba ya Waomani viacheni mwisho, vina paa. Bebeni maji, mama naye ajitande leso. Mkitoka, madafu kwanza, halafu vichochoro vya Mji wa Kale, vyembamba na vina kivuli. Saa nane mchana? Mimi siendi hata nikilipwa.