Nilivyofunga daftari la dhambi

Kwaresma moja nilinunua kaunta buku pale Mbagala Rangi Tatu, nikapiga mistari, kila jioni naandika, leo nimesengenya mara 2, nimemdanganya konda kwamba nimeshalipa, jumuiya sijaenda. Siku nisipokosea natia tiki. Aisee tiki zikawa nyingi mpaka nikaanza kuwaonea majirani huruma, ila moyo mkavu kama dagaa. Sisemi tabia njema haina maana, ila mi nilikuwa nafanya biashara na Mungu, nimekupa hiki, changu kiko wapi.

Sasa usiku mmoja umeme ukakatika, feni ikasimama, joto la Dar mnalijua, nikatoka uani nikageuza ndoo nikakalia. Sikuomba kitu. Nasikia mbu, tone la maji kwenye pipa, pumzi zangu. Halafu, sijui nisemeje, yule mimi anayehesabu akanyamaza, pakabaki utulivu mkubwa na mimi nimo humohumo. Adhana ya alfajiri ndo ikanishtua, machozi yananitoka na wala sina huzuni.

Nikamwambia jirani yangu, mzee mmoja Mwislamu wa twarika, mtu wa dhikri, wale wa kumtaja Mungu kwa kurudiarudia, nikijua atanicheka. Akanipa habari za Rabia wa Basra, mwanamke wa karne ya 8, inasimuliwa alipita njiani na mwenge mkono mmoja na ndoo ya maji mkono wa pili, anataka aichome pepo na auzime moto wa jahanamu, ili watu wampende Mungu kwa ajili yake mwenyewe. "Wewe mwanangu ndoo unayo," akasema, "bado mwenge."

Na kwetu mbona ipo, Eliya hakumkuta Mungu kwenye upepo wala tetemeko wala moto, ikaja sauti ndogo ya utulivu. Nimeisikia kanisani miaka yote, ikapita tu.

Ukitaka kujaribu, amka kabla ya watu, simu iache chumbani, kaa dakika 10, mawazo ya kodi na ada yakija yaache yapite usigombane nayo. Wiki ya kwanza mi nilisinzia tu. Kosa langu kubwa nilitaka usiku ule urudi kwa nguvu, ndoo ileile, kona ileile, nikawa nimeanza mahesabu upya. Wapi! Utulivu ule ukaja kunikuta kwenye pantoni la Kigamboni, nimebanwa na beseni la samaki la mama mmoja, nanuka vibaya na nimetulia tuli.

Kaunta buku bado ipo, mke wangu anaandikia madeni ya vitumbua.