Feni ya jiko la peleti inayounguruma

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini jiko lako la peleti (lile la kupasha nyumba joto kwa vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) huko Maine, Marekani, linaunguruma huku hewa ya moto inayoingia sebuleni ikizidi kupungua. Kwa maelezo yako, nashuku feni ya kupuliza hewa chumbani, si ile ya kutoa moshi, ambayo ikichoka moto huwa mvivu na kioo hujaa masizi upesi.

Zima jiko, lisubiri lipoe kabisa, kisha chomoa plagi ukutani. Ukiifungua feni utaona ndani ya kila panga utando wa vumbi na nywele, mzito kama kitambaa, na huo ndio unaozuia hewa. Usugue taratibu kwa mswaki mkavu, na ukikuta kibanio kidogo cha chuma kwenye panga usikitoe, kwa maana kimewekwa kusawazisha uzito, na bila hicho mtikisiko utazila beringi.

Kuhusu mafuta, nakusihi uwe mwangalifu: mota yenye vitundu vya mafuta hutiwa tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya mota za umeme, lakini yenye beringi zilizozibwa haitiwi kitu, na ikiendelea kulia baada ya kusafishwa, ibadilishe. Ile ya moshi nayo isafishe, ila uirudishe kwa gasketi mpya, yaani kile kiziba cha kwenye maungio, kwa sababu gasketi iliyopasuka inaweza kuvujisha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, ndani ya nyumba mkiwa mmelala.