Lamineti imeinuka katikati ya sebule

SWALI: Fundi alitandika lamineti (vibao vya sakafu vya mbao iliyoshindiliwa) sebuleni mwezi Desemba. Masika yalipoingia, sakafu imeinuka katikati. Ning'oe yote? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, usiing'oe bado. Lamineti hunyonya unyevu na kutanuka. Ikigota ukutani, haina pa kwenda ila juu. Bandua skatingi (ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta) ukague: kati ya sakafu na ukuta pawe na nafasi ya milimita 8 hadi 10, hata kwenye fremu za milango, ambako mafundi wengi husahau. Palipobana, fungua safu ya mwisho, uipunguze kwa msumeno. Itatulia yenyewe baada ya siku chache. Skatingi ipigiliwe ukutani, kamwe si kwenye sakafu. Lakini ukikuta zege chini lina majimaji, hapo itabidi ufungue yote, utandike nailoni kwanza, vipande vipishane sentimita 20.