Mabruki wetu ni yupi

Mbweni, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na zile picha za kurasa ulizonitumia nimezitazama zote. Unasema umeshinda siku tatu kati ya vitabu vya Kanisa Kuu la Mkunazini, vya Wakatoliki wa Minara Miwili na nyaraka za serikali pale Kilimani, umewapata Mabruki sita, na sasa unaniuliza: "Mama, babu yake bibi ni yupi kati ya hawa?" Nilianza kukujibu kwa simu nikaona maneno hayaniishi. Ndiyo nimekaa nikaandika.

Nianze na hilo jina, maana ndilo linalokuchosha. Umezoea fomu za Dar es Salaam zinazotaka jina la ukoo, ukaamini Mabruki ni ukoo. Kwetu mtu ana jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake, basi. Mabruki alikuwa mtu mmoja, na sisi tumelibeba jina lake kwa sababu skuli zilitaka jina la mwisho, likaganda hapo. Wala hakupewa na mama yake. Mabruki, Baraka, Faraji, Feruzi, Almasi, Juma: haya waliitwa watumwa na waliowanunua, majina ya heri, ya vito, ya siku. Mtoto anatolewa Nyasa au Uyaoni ana jina la kwao, akifika pwani anaambiwa wewe ni Mabruki, yaani uliyebarikiwa. Ndiyo maana nyumba moja ingeweza kuwa na Mabruki wawili, na mji mzima ukawa nao mamia.

Nakuandikia hili waziwazi kwa sababu nyumbani kwetu halikusemwa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi yako sisi ni watu wa wapi, akanijibu, "Wa Mbweni," akaendelea kuchambua mchele. Na wewe uliponiuliza nikakujibu vilevile. Nilikosea, mwanangu. Ulikuwa na haki ya kujua tangu uko skuli.

Na kumbe "wa Mbweni" lilikuwa jibu kamili kwa anayejua Mbweni ilikuwa nini. Wamisheni wa Kiingereza wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana, walilinunua shamba hili 1871, wakaweka hapa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Juni 1873 Sultani Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa, na Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu pale Mkunazini, palipokuwa soko. Manowari ya Kiingereza iitwayo London ikatia nanga bandarini Unguja kwa takriban miaka kumi, mashua zake zikiwinda majahazi. Watoto walioteremshwa humo walikabidhiwa kwa watu mbalimbali, wengi wakaja misheni: wavulana skuli ya Kiungani, wasichana hapa Mbweni. Babu yetu alikuwa mmoja wa wavulana hao. Hili bibi yako alilisema mara moja tu, akiwa mgonjwa, na sijalisahau.

Kwa hiyo wawili kati ya sita wako nawatoa sasa hivi. Yule wa Kilimani, aliyeandikwa na jina la bwana wake wa Pemba, najua umempenda kwa sababu karatasi yake ina maelezo mengi. Lakini karatasi ile imetokana na amri ya 1897, iliyoiondoa hali ya utumwa mbele ya sheria. Mtumwa aliyetaka uhuru wake ilimlazimu aende mwenyewe kuuomba, na bwana akalipwa fidia, ndiyo maana jina la bwana limo. Mabruki wetu mwaka huo alikuwa keshakombolewa zamani, ana mke na ana mtoto. Hakuwa na bwana wa kulipwa. Umwache, ingawa inauma kumwacha mtu mwenye karatasi nzuri ukamfuata asiye nayo.

Wa pili ni yule wa Minara Miwili. Wale mapadri walikuwa Wafaransa, waliandika kwa Kilatini na kwa masikio ya Kifaransa, ndiyo maana umemkuta "Mabrouki". Si kwamba tahajia hiyo inamwondoa. Padri yeyote aliandika alivyosikia, na jina moja litakuja kwa u, kwa ou, kwa i mwishoni au bila i, na mtu aitwaye Songoro atakuwa Songolo katika ukurasa wa pili. Kwa hiyo usimkatae mtu kwa herufi. Huyu namkataa kwa sababu bibi yako alizaliwa, baba yake alizaliwa, na wote walibatizwa hapa na UMCA, na mtoto wa misheni ya Kiungani hakupelekwa kwa Wafaransa kubatizwa.

Wanabaki wanne. Hapa ndipo ninapokuomba uwe na subira.

Kati yao wawili wanaitwa Petro Mabruki, na umeniandikia kwamba unamwelekea yule wa kwanza kwa sababu ya umri: miaka kumi na mbili, na hesabu yako inakubali. Umri ule nani aliujua? Mtoto ameshuka chomboni, hana mzazi, hana cheti. Padri alimtazama kimo na meno akakisia. Mpe miaka minne mbele na minne nyuma. Na kabila vilevile. "Mnyasa" katika vitabu vile ni karibu kila aliyetoka upande wa ziwa, na mtoto aliyechukuliwa ana miaka sita pengine alijibu alivyosikia wenzake wakijibu.

Umesema pia kwamba lazima awe wa kabla ya 1880 kwa sababu babu alibeba mawe ya Kanisa Kuu. Hadithi hiyo naipenda, nami nimeisimulia. Ila karibu kila nyumba ya Kikristo ya hapa Unguja inaisema, na sisi hatukuwa na ushahidi wowote. Kanisa lile lilisimamiwa na Askofu Steere tangu 1873, naye akafa 1882 akazikwa nyuma ya altare. Ikiwa babu aliteremshwa chomboni mtoto mdogo, mawe mengi yalikuwa yameshapanda. Huenda aliyabeba ya kanisa letu la Mtakatifu Yohana hapa Mbweni, lililowekwa wakfu 1882, na watoto wakalikuza kanisa kila waliposimulia. Iache hadithi ikae pembeni kwanza, isikuchagulie mtu.

Sasa sikiliza. Jina lake limejaa mno, halitakupeleka kwake. Watafute waliosimama karibu naye.

Kitabu cha ubatizo ulichokipiga picha kina safu unayoiruka: wasimamizi. Nenda kaisome hiyo. Tena mwanzo wa ukurasa tazama tarehe: watu wazima na wavulana wakubwa mara nyingi walibatizwa kwa mkupuo, mkesha wa Pasaka, baada ya kufundishwa pamoja. Majina manane au kumi yaliyofuatana siku moja ni darasa moja, na darasa moja pengine ni jahazi moja. Watu hao waliambatana maisha. Walisimamiana ndoa, wakabatiziana watoto, wakazikana. Hawakuwa na ndugu wa damu hata mmoja hapa kisiwani, wakajifanyia undugu. Wazee walikuwa na neno la watumwa wa bwana mmoja: wajoli. Hawa wetu hawakuwa na bwana tena, lakini nilimsikia bibi yako akilitumia neno hilo kwa mapenzi, kama unavyosema ndugu.

Kisha toka kwenye ubatizo uende kwenye ndoa. Misheni ilitaka vijana wa Kiungani waoe wasichana waliolelewa hapa Mbweni, katika ile skuli ya Miss Thackeray ambayo leo ni magofu. Kwa hiyo Mabruki wetu akiwa wa Kiungani, ndoa yake huenda imeandikwa Mbweni. Na mkewe, mwanangu, ana jina adimu. Mabruki ni mamia; Zafarani humkuti kila ukurasa. Jina lake la ubatizo lilikuwa Agnes, na waliobatizwa misheni mara nyingi walibaki na jina la mwanzo nyuma ya lile jipya. Tazama watumishi wa kwanza wa kanisa wenyewe: shemasi John Swedi, padri Cecil Majaliwa. Kwa hiyo tafuta Agnes Zafarani, au Zafarani peke yake, na mwanamume atakayekuwa kwenye mstari huohuo ndiye.

Ukimpata usifunge kitabu. Mtafute mtoto wao, baba yake bibi yako, na hapa kuna mtego ambao nadhani ndio ulikukwamisha. Umetafuta "Mabruki" katika watoto wa miaka ya 1890 ukakosa. Mtoto wa Petro Mabruki kwa desturi yetu anaandikwa jina lake na la baba yake: Petro. Mabruki hamo. Likarudi baadaye, pengine mtoto alipoanza skuli. Soma safu ya mama, siyo ya mtoto.

Nimekuwekea kitu kingine. Kila Novemba 2, Siku ya Marehemu Wote, bibi yako alimpelekea padri karatasi ya majina ya kuombewa. Aliinakili kila mwaka kutoka ya mwaka uliopita, kwa mpangilio uleule, na ya mwisho ninayo kwenye kasha pamoja na shela yake. Ina majina kumi na moja. La kwanza Agnes Zafarani, la pili Petro Mabruki. La tatu ni Songoro. Miaka yote nilidhani ni ndugu yetu fulani. Juzi, baada ya kupata picha zako, nikaitoa karatasi nikapanga ukoo mzima kwa vidole: Songoro hana mtoto kwetu, hana mke kwetu, hakuna aliyetokana naye. Hakuna sababu ya damu ya kumweka mtu huyo juu ya wazazi wa bibi yako mwenyewe. Nadhani alikuwa mwenzake Mabruki wa jahazini, na ahadi ya kumwombea imepita mikono mitatu bila kuelezwa.

Nikazirudia picha zako nikiwa na hilo kichwani. Petro Mabruki wako wa kwanza, wa miaka kumi na mbili, amezungukwa na majina nisiyoyajua. Petro wa pili, yule uliyesema mwandiko wake haufai, ambaye umri wake umefutika, mstari wa chini yake unaanza na S. Nimeukuza nikaona S, kisha kama o na n, halafu doa la maji. Sitaki nikuapie. Macho yangu si ya kuapiwa, na ninalitamani mno jambo hili. Kakitazame kitabu chenyewe, dirishani, asubuhi, na umwombe padri akufungulie na daftari la ndoa.

Jina lake la kwao hatutalipata. Nimelia kidogo kwa hilo, nimenyamaza. Lakini huyo wa chini yake tunaweza kumpata.

Njoo Ijumaa kwa boti ya mchana. Karatasi siitumi kwa simu, utaishika mwenyewe. Nitapika samaki wa nazi.

Mama yako