Maswali na Majibu: Haiba, Kujithamini na Kazi Utakayochagua

Mimi si msemaji, na mjomba wangu anasema uwakili haunifai. Je, ni kweli? (Mvulana, kidato cha tatu, Lamu)

Upole si upungufu, mwanangu. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, aliyeanza kueleza nadharia yake mwaka 1959, alitaja mielekeo 6 ya haiba: kazi za mikono, uchunguzi, sanaa, kuhudumia watu, kuongoza, na utaratibu wa ofisini, na wengi wetu tumechanganya zaidi ya mmoja. Wakili anayeandika mikataba na kuchunguza hatimiliki za mashamba huhitaji utulivu kuliko ufasaha wa barazani. Mjomba anakutakia heri, lakini ameitazama sura moja tu ya kazi hiyo.

Napata alama nzuri za hisabati na fizikia, lakini naona uhandisi ni wa watoto wa Nairobi. (Msichana, kidato cha nne, Malindi)

Swali lako limenigusa sana, kwa kuwa kinachosema hapo ni hofu, wala si haiba yako. Mwaka 1981, Nancy Betz na Gail Hackett walichunguza wanafunzi wa chuo nchini Marekani ambao uwezo wao wa hisabati na lugha haukutofautiana, na bado wasichana hawakujiamini kama wavulana katika kazi zilizozoeleka kuwa za wanaume. Albert Bandura, ambaye wazo hilo la kuamini uwezo wako lilitoka kwake, alifundisha kwamba imani hiyo hukua hasa kwa kufanya jambo na kulifaulu, kisha kwa kumwona mtu wa hali yako akilifanya. Basi tafuta mhandisi mwanamke ukazungumze naye kabla ya kujaza chaguo zako za KUCCPS, huduma ya Kenya inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo. Tena uhandisi si wa Nairobi peke yake: kumbuka kwamba setelaiti ya Uhuru, iliyochunguza miali ya eksirei angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa lililo baharini hapo Ngomeni, kaskazini mwa mji wenu.

Mwanangu amefanya vizuri shuleni lakini anataka kuchonga milango ya nakshi. Je, anajidunisha? (Mzazi, Lamu)

Huenda anajidunisha, na huenda ameijua nafsi yake mapema. Kwa nje mambo hayo mawili hufanana. Uchongaji ni elimu yenye heshima yake, ila anayeukimbilia kwa kuogopa mtihani hatadumu nao. Muulize, kwa upole na bila mashahidi, angechagua nini lau angekuwa na hakika ya kufaulu kila somo. Akijibu tena kuwa ni nakshi, mnunulie patasi.