Farasi aliyewahi kuumia kano: nunua au acha?

Ndugu, kwa kuwa unamtaka huyo farasi mstaafu wa mbio za Ngong, Nairobi, kwa matembezi ya wikendi tu, kano (kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa) ya mguu wa mbele iliyochanika zamani isikukatishe tamaa. Kano hupona kwa kovu lisilonyumbuka kama mwanzo, ndiyo maana huumia tena upesi farasi akirudishwa kwenye mbio au kuruka viunzi.

Tafuta daktari wako wa mifugo, siyo wa muuzaji. Aukunje mguu kama dakika moja, kisha farasi akimbizwe taratibu kwenye ardhi ngumu. Akichechemea, hapo pana jambo. Dai altrasaundi ya kano, na damu ipimwe, maana dawa za maumivu huficha mengi. Kama jeraha halijatimiza mwaka, mimi ningesubiri.